Mkamwana Asiyegusa Chumvi

Nyie manesi wa leo mna raha moja ambayo hamjui kama ni raha. Juzi nilikuwa kliniki hapa Mlandege na miguu yangu hii inayovimba, nikamsikia binti mmoja mwenye koti jeupe, umri wa mjukuu wangu wa mwisho, anamuuliza mwanamke aliyekaa mbele yangu: "Tangu uanze hizi dawa, siku zako zinakuja sawasawa?" Anauliza huku anatafuta kalamu mfukoni. Mwanamke naye akajibu kama aliyeulizwa bei ya nyanya: zimeruka, zikaja kidogo, zikaruka tena. Binti akamwambia huenda ni hizo dawa za viungo, daktari ataangalia, ila asije akaziacha mwenyewe nyumbani. Basi, yakaisha. Akaitwa anayefuata.

Nilitaka kusimama nimkumbatie yule binti, ila magoti hayakukubali. Nikabaki nimekaa pale kwenye benchi, nafuta macho, watu wakadhani naumwa sana. Mmoja akanipisha foleni. Sikukataa.

Nataka kuwaambia kwa nini nililia, maana mkifikiri ni uzee tu mtakuwa mmenionea. Nilizaliwa Igowole, nikaenda upande wa Mbeya nikiwa msichana kujifunza unesi na ukunga kwenye hospitali ya misheni, huko Rungwe, miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Swali lile aliloliuliza yule binti kwa sekunde tatu, sisi lilikuwa halipiti mdomoni. Kuna mtu karibu afe kwa sababu hiyo.

Si kwamba tulikuwa hatujui mambo. Tulikuwa tunajua kwa kuzunguka. Aliyenifundisha kazi, Mama Rabeka, nesi mkubwa wa wodi ya wanawake, Mnyakyusa mrefu mwenye sauti ya kiume, alikuwa haulizi mtu. Nyuma ya wodi palikuwa na jiko ambapo ndugu wa wagonjwa, na wagonjwa wenyewe wenye nguvu, walipika. Kila jioni Mama Rabeka alipita pale kama anayesalimia tu, akasimama, akatazama nani anatia chumvi kwenye chungu. Nyumba nyingi za wakati ule, kwetu Uheheni na hata kule milimani, mwanamke aliye kwenye siku zake hakutia chumvi chakula cha wengine. Alipika, ila chumvi alimwita mtoto aitie, au bibi aliyekwisha kukoma hedhi. Walisema mkono wake ungewapa watu kikohozi. Mama Rabeka akishaona nani anamwita mtoto, anarudi wodini anatuambia, huyu wa kitanda cha dirishani yuko mwezini, msimwandikie anatokwa damu ya ugonjwa. Hakukosea mara nyingi. Nami nikajifunza hivyo hivyo, nikajiona mjanja.

Upande wa pili wa kazi alikuwepo Bwana Asegelile. Huyu alikuwa mganga msaidizi na mzee wa kanisa, na ndiye aliyemtafsiria Dakta. Dakta alikuwa Mzungu, mtu mwema, mwenye haraka, Kiswahili chake kinatosha kuomba chai. Akitaka kuwauliza wanawake habari za hedhi anamwuliza Asegelile, na Asegelile anageuka rangi. Siku moja nilisimama karibu nikamsikia kwa masikio yangu. Dakta anauliza kwa Kiingereza kama mama huyu anapata siku zake kila mwezi. Asegelile anakohoa, anamgeukia mgonjwa na kusema kwa Kinyakyusa, "Dakta anauliza kama huko nyumbani hawajambo." Mgonjwa anashukuru, hawajambo. Asegelile anamrudia Dakta: kila kitu kawaida. Dakta anaandika. Tulicheka na wasichana wenzangu mpaka tukashika ukuta, na kwa muda mrefu tukawa tunasalimiana hivyo, "Huko nyumbani hawajambo?" Mkimaliza kucheka na nyie nisikilizeni, kwa sababu mmoja wa hao waliokuwa "hawajambo" aliitwa Atuganile.

Atuganile aliletwa na mama mkwe wake, Mama Ambakisye, akiwa amebebwa kwa machela kutoka mlimani. Alikuwa msichana bado, mtoto wake mmoja tu, Tumpe, anayeweza kuchota maji kwa kibuyu kidogo. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, magoti vilevile, asubuhi hawezi kushika kikombe, homa inakuja na kuondoka, na mashavuni ngozi imebabuka. Siku hizi mnasema kinga ya mwili imegeuka inampiga mwenye mwili. Sisi Dakta alituambia tu kwamba ni ugonjwa wa viungo, hauambukizi, hauna mganga wa kuutoa, lakini ametumiwa dawa mpya kutoka Ulaya. Ndizo hizo prednisoloni mnazozigawa leo kama karanga. Zilikaa kwenye kabati la Dakta mwenyewe na funguo shingoni mwake.

Jamani, zile dawa. Baada ya siku chache tu yule msichana alikaa kitandani mwenyewe. Kisha akatembea. Akaomba apewe jembe alime ua wa hospitali, kwa mzaha, na Mama Rabeka akamwambia akilima atamchapa. Mama mkwe wake alikuwa akimtazama akishika kijiko na kutikisa kichwa tu. Uso wa Atuganile ukaanza kujaa, mashavu yakawa duara, tumbo nalo likatoka kidogo. Tukasema amenenepa, dawa imemkubali.

Alipokuwa anaruhusiwa Dakta alitoa maagizo mawili makubwa. La kwanza, asizikatishe ghafla hata kama anajisikia mzima, maana mwili ukishazoea kuletewa dawa hii kutoka nje unakuwa mvivu wa kutengeneza ya kwake, na ukinyimwa siku moja unaanguka. La pili, asile chumvi, kwa sababu dawa inashika maji mwilini. Asegelile akatafsiri la kwanza kwa maneno machache. La pili alilipenda, akaliongezea nakshi kama anavyohubiri: chumvi asile, asiionje, hata mkononi asiishike. Dakta akauliza na la hedhi. Asegelile akakohoa. Huko nyumbani hawajambo.

Mume wake, Ambakisye, alikuwa migodini kusini, mwaka wa pili sasa. Wengi walikwenda huko wakati ule. Wengine walirudi na baiskeli, wengine hawakurudi.

Atuganile alikuwa akija kliniki kila mwezi kuchukua dawa, amevaa vizuri, anacheka, anashika mikono yetu atuonyeshe nguvu ya vidole vyake. Kisha mwezi mmoja hakuja. Mama Rabeka akasubiri siku mbili, ya tatu akaja kwangu asubuhi mvua inanyesha.

"Yustina, vaa viatu vya mvua. Yule wa prednisoloni hajaja."

"Labda amechelewa tu, mama."

"Huyu hachelewi. Nenda na dawa hizi kidogo. Ukikuta hali mbaya mlete, usianze kujadiliana na mtu."

Maneno hayo ya mwisho nilikuja kuyakumbuka baadaye, maana kujadiliana ndiyo kazi niliyoikuta huko.

Gari la misheni lilinifikisha mwisho wa barabara, kanisani, dereva akasema atanisubiri hapo. Nikapanda kwa miguu katikati ya migomba, matope mpaka kwenye vifundo. Nilipofika kwenye ule ua niliona kwanza wanaume wanne wamekaa barazani wakikwepa mvua, na machela mpya imeegemezwa ukutani, kamba bado mbichi. Moyo ukaniambia, umechelewa, mtu amekufa. Mzee mwenye nyumba, baba yake Ambakisye, akasimama.

"Ndaga, tata," nikamsalimia Kinyakyusa, kama baba.

"Ndaga. Umekuja wakati sisi tunaondoka, nesi. Huyu mtu leo anakwenda kwa mganga huko juu. Damu mwezi ya tano hii haikatiki. Hiyo dawa yenu ndiyo imemfungulia."

Sikumwelewa. Damu gani? Kliniki yote ile, mwezi baada ya mwezi, hakuna aliyetuambia habari ya damu. Nikaomba kumwona kwanza. Akasema niwe na haraka, njia ya juu ni mbaya mvua ikizidi.

Ndani Atuganile alikuwa amelala kwenye mkeka, mama mkwe wake pembeni, Tumpe amejikunyata mlangoni. Nilimgusa, baridi, na jasho juu yake. Mapigo mepesi, yanakimbia. Alijaribu kukaa anisalimie, macho yakageuka, akarudi chini. Alikuwa ametapika tangu jana yake.

Sasa hapa ndipo nawaambia kitu cha kazi, kishikeni. Mtu akikuambia fulani anatoka damu, usiamini mdomo, fungua kope ya chini. Mwanamke aliyetoka damu miezi mitano ndani ya kope ni mweupe kama ugali. Atuganile alikuwa na wekundu wake. Nikatazama viganja, kucha, ulimi. Nikatazama mkeka, nguo aliyojifunga. Hakuna doa, hakuna harufu. Huyu mtu hakuwa anatoka damu hata tone. Alichokuwa nacho ni kile kile alichokisema Dakta, mwili umenyimwa dawa na unaanguka.

Nikamwomba mama mkwe aniletee maji ya moto. Alipotoka nikainama.

"Atuganile, dawa unameza?"

"Zimeisha, dada. Mama alisema zimeisha."

"Haziwezi kuisha. Tulikuhesabia na za akiba."

Akafumba macho. Nikamuuliza habari ya damu, na kwa mara ya kwanza tangu nianze unesi nilimuuliza mtu waziwazi, bila kuzunguka: siku zako zikoje? Akanishika kifundo cha mkono. Kumbe alikuwa bado na nguvu kiasi hicho.

"Hakuna damu. Tangu nirudi nyumbani na hii dawa sijaziona. Hata mara moja."

"Mbona mzee anasema..."

"Mwache aseme. Mimi mwanzo niliogopa chumvi kwa ajili ya dawa, nikamwambia Tumpe atie. Wakaona hivyo, wakadhani niko mwezini. Mwezi wa pili nikaona siku haziji, nikasema afadhali wadhani hivyo hivyo." Akapumua. "Ambakisye hayupo, dada. Uso wangu unauona. Tumbo langu unaliona. Wakijua damu hakuna watasema nini?"

Wangesema ana mimba. Wangemrudisha kwao, kesi ya ng'ombe wa mahari ingeanza, na Tumpe angebaki hapo, mtoto wa ukoo huo.

"Niambie kweli. Kuna mtu?"

"Hakuna mtu. Nakuapia kwa Tumpe."

Nikambonyeza tumbo, nikachukua muda wangu. Mimba ya miezi mitano inakaa karibu na kitovu, ngumu kiasi, unaizunguka na mkono kama nanasi. Pale hapakuwa na kitu. Ni mafuta na gesi tu. Nikakumbuka Dakta aliwahi kutuambia, sentensi moja, kwa haraka, akiwa anaosha mikono, kwamba dawa hii na ugonjwa wenyewe vinaweza kuvuruga siku za mwanamke, zikaruka au zikasimama kabisa. Hakuna aliyemwambia Atuganile. Kutoka siku ya kwanza kuziona zimesimama alikuwa peke yake na jambo hilo, akijiuliza kama na yeye mwenyewe ana wazimu.

"Ni dawa," nikamwambia. "Si wewe. Ni dawa."

Akaanza kulia, na kulia kwenyewe hakuna nguvu.

Mama Ambakisye akarudi na maji. Nikaomba sukari na chumvi. Akaleta, lakini akasimama na kile kibakuli cha chumvi bila kunipa.

"Chumvi si mlimkataza?"

"Leo ndiyo dawa yake, mama."

Nikatia mwenyewe, nikakoroga, nikampa kwa kijiko. Nikampa na kidonge. Kijiko cha tatu kidonge kikarudi na maji yote. Nikampa kingine, kikarudi. Hapo nikajua ya nyumbani yamekwisha, anahitaji sindano na maji ya mshipani, na anayahitaji leo. Nje mzee akakohoa akikaribia mlango, na yule msichana, hali ile ile ya kufa, akavuta kanga akafunika uso. Kule mkamwana haonani na baba mkwe wake. Akisikia kikohozi chake anapotea migombani, jina lake hataji, sauti yake haimfikii. Mtu aliyekuwa anaamua Atuganile apande mlima au ashuke ndiye mtu ambaye Atuganile hakuweza kumwambia neno moja.

Nikatoka mimi. Nikamwambia mzee mgonjwa ashushwe hospitali sasa hivi, gari liko kanisani.

"Mara ngapi tumeshuka huko?" akasema. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. "Mmempa dawa, damu imefunguka. Mganga wa damu yuko juu. Nikimshusha akafia kwenu, mtoto wangu akirudi nitamwambia nini?"

Wanaume wakasimama, mmoja akashika machela. Mimi nimefungua mdomo. Neno liko ulimini: mzee, hakuna damu. Nikisema, atashuka, atapona, atarudi kwenye nyumba ambayo si yake tena. Nisiposema, atapanda, na hatafika hata nusu ya njia. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, Mhehe kati ya Wanyakyusa, viatu vimejaa maji. Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile hata kwenye uzazi ulioshindikana, maana pale mikono inajua la kufanya.

"Nesi." Alikuwa Mama Ambakisye, kwenye kona ya nyumba. "Njoo unisaidie kuinua mtungi."

Nikamfuata nyuma, migombani. Mtungi haukuwepo. Aliangalia nyuma yetu, kisha akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Damu hakuna," akasema.

Nikasogea karibu naye.

"Mimi nafua naye mto moja. Kitambaa hata moja sijaona, mwezi hii wala ile. Mzee aliniuliza kwa nini Tumpe anatia chumvi kila siku, mimi nikamwambia ni damu. Ni mimi nilisema, si yeye. Yeye alikuwa anajificha, nikaona tujifiche wote wawili."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu ana mtoto."

Mvua ilikuwa inapiga majani ya migomba, ikabidi aseme karibu na sikio langu. Akaingiza mkono kwenye pindo la nguo akatoa kifundo kidogo cha kitambaa, akakifungua. Vidonge vilikuwa humo, vyeupe, vyote vilivyokuwa vimebaki.

"Mwenye mimba hamezi dawa kali namna hii. Nilizichukua wiki iliyopita, tumbo lilipozidi, nikamwambia zimeisha. Sikujua ataanguka hivi. Nilifikiri ni mimba inamtapisha. Na ya mganga sikuijua pia, mzee ameamua jana tu." Akafunga kitambaa tena. "Mtoto wa nani, mimi sikumuuliza. Ng'ombe tulitoa sisi. Akizaliwa nyumba hii ni wetu. Nilizaa nane, nesi. Amebaki Ambakisye peke yake, na yeye barua hakuna."

Fikirieni mama huyo. Miezi yote ile wanawake wawili wanapika jiko moja, wanafua mto mmoja, kila mmoja anamlinda mwenzake kwa uongo ule ule, na hakuna aliyeweza kufungua mdomo, kwa kuwa mama mkwe na mkamwana hawaongei mambo hayo. Mmoja anaficha mimba ambayo haipo. Mwingine anaficha kwamba damu haiji. Na katikati yao dawa imo pindoni.

Nikamwambia. Nilimwambia polepole, kwamba dawa ndiyo imesimamisha siku, kwamba nimeshika tumbo na hakuna mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe umezaa?" akaniuliza.

"Bado, mama."

"Basi."

Hakuniamini. Niliona wazi haniamini, na sikuwa na muda wa kumbembeleza. Nikamshika mikono yote miwili, jambo ambalo kwa umri wangu lilikuwa utovu wa adabu.

"Mama, awe na mtoto asiwe naye, akipanda huko juu anakufa leo. Mwili wake umezoea dawa hii, na sasa hana. Tukimshusha tunaye. Ukibaki na shaka, baki nayo, tutaijua huko mbele. Ila mwambie mzee."

Akajifunga nguo vizuri, akapita mbele yangu, akaenda barazani, akapiga magoti mbele ya mume wake kwenye matope.

"Baba Ambakisye, damu imekatika," akasema. "Nesi amempa maji yake, imekatika saa hii. Lakini imemmaliza nguvu. Ashuke akaongezewe maji, mganga tutamwona akirudi."

Mzee akanigeukia. Wanaume wanne nao wakanigeukia.

"Kweli, nesi?"

"Hatoki damu, mzee," nikasema. "Nimeangalia mwenyewe, hatoki hata tone."

Na huo, wajukuu zangu, ulikuwa ukweli mtupu. Sikuongeza neno. Mzee akatazama mvua, akatazama machela, akawaambia vijana wageuze.

Sijui tulishuka vipi. Nakumbuka wabebaji wanateleza na kutukana kwa sauti ya chini kwa kunistahi, Mama Ambakisye anakimbia pembeni ameshika kanga isimfunue mgonjwa uso, na mimi nahesabu mapigo kila tuliposimama kubadilisha bega. Mara moja niliyakosa kabisa, nikasimamisha machela, nikayatafuta shingoni, yakawepo. Hospitali Dakta alitoa sindano kutoka kwenye kabati lake, akamchoma mwenyewe. Jioni ile ile Atuganile aliomba uji. Msikae roho juu, aliishi.

Mama Rabeka aliposikia yote hakunikemea wala kunisifu. Kesho yake asubuhi alimwita Dakta na Bwana Asegelile, akasema kuanzia leo habari za wanawake atauliza mwanamke, kwa lugha ya mgonjwa, mlango umefungwa, hata kama ugonjwa ni wa sikio. Asegelile alishukuru kuliko sisi wote. Nami nikaanza kuuliza. Mwanzoni masikio yalikuwa yanawaka moto. Wagonjwa wengine walinisonya, bibi mmoja aliniuliza kama nimelelewa na mbuzi. Ila walijibu. Mkiuliza, ulizeni kabla hamjatoa dawa, waambieni mapema kwamba siku zinaweza kuruka, kusimama, kuja nyingi au kuja ovyo, na kwamba si laana wala si mimba ya mtu wala si kosa lake, na zikibadilika aje aseme asiache dawa. Muulizeni na nani yuko nyumbani. Na pimeni mimba, msikisie kama nilivyobonyeza mimi na vidole. Nyie mna vipimo, mimi nilikuwa na mikono na maombi.

Atuganile alibaki wodini muda mrefu, kwa sababu Dakta alitaka kupunguza dawa pole pole mbele ya macho yake, robo kwa robo. Mama Ambakisye alikaa naye. Tumpe alikuwa anaimba na watoto wa manesi. Na mama yule kila siku alimtazama mkamwana wake tumboni akidhani hatumwoni, akampa nyama yake mwenyewe, akamkataza kuinua ndoo. Nilimwambia tena mara mbili. Aliitika "ee" ile ya kumridhisha mtoto.

Kisha asubuhi moja Atuganile akaniita, anacheka na kulia kwa pamoja, akaniambia zimekuja. Hakunong'ona hata. Nikakimbia kumtafuta mama mkwe, nina furaha kama mtu aliyeshinda kesi. Nilimkuta amekaa nyasini nje ya wodi, juani, anapukuchua maharage. Nikamwambia: mama, siku zake zimerudi, asubuhi hii.

Mikono yake ikasimama.

"Basi kweli hakuwepo," akasema.

"Hakuwepo, mama."

Akatazama maharage. Nilikuwa nimekuja kumpa habari njema, nikasimama pale na tabasamu langu sijui niliweke wapi. Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha yateremke.

"Nilikuwa nimeshampa jina," akasema.

Nikakaa naye nyasini, tukapukuchua maharage mpaka yakaisha.